Jinsi ya kuchimba historia ya ukoo kwenye kijiji cha pwani Uingereza, mwongozo kamili (mfano Happisburgh, Norfolk)

Mtoto wangu wa kwanza alirudi na karatasi ya shule ya kuchora ukoo. Upande wangu nilimpigia shangazi Tanga, na kabla bando halijaisha alishataja mpaka babu wa babu na nani alioa wapi na kwa nini waligombana. Upande wa baba yao tukakwama kwa bibi mzaa mama yake, pale pale, jina moja basi. Iliniuma kwa kweli, manake hao nao ni wazee wa wanangu, damu yao inatembea humu ndani, afu hatujui hata walikuwa wanafanya kazi gani.

Huyo bibi alitoka Happisburgh, kijiji kiko juu ya genge la bahari (ukuta wa udongo unaoshuka mpaka ufukweni) pwani ya Norfolk, mashariki ya Uingereza. Nimekichimba miaka minne sasa, na kwa sababu huku tupo wengi ambao watoto wana bibi au babu wa Kiingereza naandika njia yote nilivyoipita, hatua kwa hatua. Ukibadilisha jina la kijiji njia ni ile ile, iwe Cornwall, Kent au Yorkshire.

Kitu kikubwa ntakachokwambia ni hiki: usifukuze jina, shika mahali. Watu wengi wanaingia intaneti wanaandika jina la babu wanabonyeza, linakuja lundo la watu mia nne wanachagua mmoja anayefanana, wameshaharibu. Majina ya Waingereza wa zamani yalikuwa machache mno, kila nyumba ina John na William na Mary na Elizabeth. Kinachomtofautisha mtu ni parokia yake. Na parokia kule haikuwa kanisa tu, kwa karne nyingi ndo ilikuwa serikali ya kijiji, inaandika nani kabatizwa nani kaoa nani kazikwa, inakusanya kodi ya kusaidia maskini, inaamua nani apewe mkate na nani arudishwe kwao. Ukishajua parokia umeshajua karatasi ziko wapi.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee kabla ya kufungua laptopu

Mama mkwe alikuwa na bati la zamani la biskuti juu ya kabati, anasema humo hamna kitu, takataka tu. Tukalifungua mezani. Kulikuwa na picha tatu ngumu za kwenye kadibodi, kadi ya mazishi yenye mpaka mweusi, risiti ya kodi ya nyumba, na kitabu kidogo cha zawadi ya Sunday school ndani kimegongwa muhuri wa kanisa la Methodisti. Huo muhuri ndo uliokuwa dhahabu, ingawa nilichelewa kuuelewa. Ulikuwa unaniambia hii familia kuna wakati ilitoka kanisa la Anglikana la kijiji ikaenda kwa Wamethodisti, kwa hiyo ubatizo wa baadhi ya watoto sitaukuta kwenye rejista ya parokia hata nikeshe.

Geuza kila picha uangalie nyuma. Uliza majina ya utani, uliza nani alikuwa haongei na nani, uliza walizikwa wapi, na andika vile vile mzee alivyosema hata kama unahisi kakosea. Mama mkwe alikuwa anasema bibi yake katoka "Heizbra" na mimi nikatafuta Heizbra kwenye ramani mpaka nikachoka. Kumbe Happisburgh ndo inavyotamkwa hivyo, herufi nusu nzima hazisomwi. Na fungu la mchanga lililopo baharini mbele ya kijiji kwenye ramani za mabaharia linaandikwa Haisborough. Makarani wa zamani walikuwa wanaandika wanavyosikia, kwa hiyo kila jina la mahali na la ukoo lisome kwa sauti kabla hujasema halipo.

Kila mtu mfungulie karatasi yake: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kila sensa, kifo, kaburi, na pembeni ya kila jibu andika umelipata wapi. Hiyo ya mwisho usiiruke. Daftari linatosha, ukitaka programu Gramps ni ya bure.

Hatua ya pili: vyeti, kurudi nyuma mpaka 1837

Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Anza na cheti cha mtu unayemjua kabisa, rudi kizazi kimoja kimoja, usiruke.

Indeksi, yaani orodha ya majina ya waliosajiliwa, unaiangalia bure kwenye FreeBMD, ambayo imechapwa na watu wa kujitolea, au kwenye tovuti ya ofisi yenyewe ya usajili, GRO, ukifungua akaunti. Ya GRO ina faida moja kubwa, kwenye vizazi wameweka jina la ukoo la mama la kabla ya kuolewa kuanzia mwanzo kabisa, wakati indeksi za zamani zinalo kuanzia robo ya Septemba 1911 tu. Kwa hiyo ukijua mama alikuwa binti wa nani, unawatoa watoto wote wa nyumba moja kwa mara moja, hata wale waliokufa wadogo ambao hakuna mtu anawakumbuka.

Mambo ya kukwamisha wageni ni haya. Indeksi imepangwa kwa robo mwaka, na ni robo ya kusajiliwa sio ya kuzaliwa, mzazi alipewa siku 42, kwa hiyo mtoto wa Disemba mara nyingi unamkuta robo ya Machi mwaka unaofuata. Pili hutaona neno Happisburgh, utaona jina la wilaya ya usajili, na kwa hapa ni Tunstead afu baadaye Smallburgh, volyumu 13 mwanzoni halafu 4b. Kabla hujatafuta kijiji chochote tafuta kwanza wilaya yake iliitwa nini miaka ile. Tatu, kabla ya 1875 wazazi walikuwa hawabanwi sana na sheria, wengine hawakusajili kabisa.

Ukilipata jina agiza nakala. Kwa vizazi na vifo vya zamani GRO wanauza picha ya dijitali kwa bei ndogo sana kuliko cheti cha karatasi, na kwa kazi hii picha inatosha. Cheti cha kuzaliwa kinakupa baba na mama. Cha ndoa kinakupa baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi na kazi zao, mama zao hawamo, England na Wales wameanza kuwaandika mama kwenye ndoa mwezi Mei 2021. Miaka karibu 184 mama wa bibi harusi hakuandikwa popote kwenye karatasi ile! Kwa hiyo wanawake tutawatafuta kwa mlango mwingine, na nasisitiza tuwatafute. Na ukiona cheti cha kuzaliwa cha England kimeandikwa mpaka saa, simama hapo, kwa kawaida saa iliandikwa wakizaliwa mapacha.

Hatua ya tatu: sensa, na usome kijiji kizima

Sensa ni kila miaka kumi tangu 1801 lakini majina ya watu wote yanaanza 1841. Hiyo ya 1841 ina mitego, mtu mzima umri wake ulishushwa mpaka kwenye tano ya chini, mwenye 39 anaandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa ni ndiyo au hapana tu kama kazaliwa kaunti hiyo. Kuanzia 1851 unapata umri kamili, uhusiano na mkuu wa nyumba, na parokia aliyozaliwa, hapo ndo kazi inanoga. Ya 1911 ni ya kulia machozi, mwenye nyumba alijaza mwenyewe kwa mkono wake, na mwanamke aliyeolewa anaandikiwa miaka ya ndoa, watoto aliowazaa hai, waliobaki, waliokufa. Bibi yetu mmoja kaandikiwa tisa, watano, wanne. Mpaka siku ile familia nzima ilijua watoto watano. Nilirudi kwenye indeksi ya GRO nikawatafuta wale wanne mmoja mmoja na wote sasa wana karatasi zao.

Ya 1921 imefunguliwa Januari 2022. Baada ya hapo kuna shimo: ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika sababu ya vita. Kilichopo katikati ni rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, iliyoandikwa vita ilipoanza, na ina tarehe kamili za kuzaliwa.

Kuzisoma, tovuti za Ancestry na Findmypast wanatoza lakini maktaba nyingi za umma Uingereza zinakuruhusu kutumia angalau moja bure ukiwa ndani ya jengo, uliza pale kaunta. FreeCEN na FamilySearch ni bure.

Sasa usichukue mstari wa babu ukaondoka. Soma kijiji kizima, kurasa zote, kijiji kama hiki ni jioni mbili. Utakuta mara mia "Ag Lab", hicho ni kifupi cha kibarua wa shamba, na ndo ukweli wa vijiji vingi vya pwani ya Norfolk, wengi walilima ngano na shayiri za tajiri huku wanaiangalia bahari, wavuvi walikuwa wachache kuliko unavyofikiria. Utakuta jirani wa babu ana jina la ukoo la bibi, kumbe alioa nyumba ya tatu. Utakuta mama mjane anaishi kwa binti aliyeolewa, na ndo njia mojawapo ya kumpata yule mama ambaye cheti cha ndoa kilimficha. Na utakuta watu wa kuja: walinzi wa pwani walihamishwa makusudi mbali na kwao wasije wakashirikiana na ndugu zao kupitisha magendo, kwa hiyo unakuta mtoto wa kwanza kazaliwa kaunti moja, wa pili nyingine, wa tatu hapa. Kama babu yako alikuwa mlinzi wa pwani usihangaike kutafuta mizizi yake hapo kijijini, haipo.

Kama baba hayupo nyumbani usiku wa sensa na mke kaandikwa "mariner's wife" (mke wa baharia), baba yuko baharini, mtafute kwenye orodha za meli.

Hatua ya nne: rejista za kanisa

Kabla ya 1837 unategemea kanisa. Amri ya kila parokia kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ilitoka 1538, enzi ya mfalme Henry VIII, aliyeitoa ni waziri wake Thomas Cromwell, na walitakiwa rejista ikae kwenye kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi mwingine kwa wazee wa kanisa. Mwaka 1598 wakaambiwa wahamishie kwenye kitabu cha ngozi, na kila mwaka wapeleke nakala kwa askofu. Hizo nakala za askofu kumbuka zipo, rejista ikiwa imelowa, imeliwa na panya au ukurasa umechanika, nakala inaweza kuwa salama.

Jua kila zama inakupa nini. Tangu 1 Januari 1813 ubatizo na mazishi viko kwenye fomu zilizochapwa, ubatizo una kazi ya baba na wanapoishi, mazishi yana umri. Ndoa zilipata fomu mapema, tangu 25 Machi 1754, zina sahihi au alama za maharusi na mashahidi wawili. Kabla ya hapo ni mstari mmoja tu, mtoto wa fulani, kabatizwa tarehe fulani, mara nyingi hata mama hayumo. Miaka ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake, 1642 mpaka 1660, parokia nyingi zina mapengo. Na za zamani zaidi ni Kilatini, ila ni maneno yale yale kama kumi, unajifunza wiki moja.

Tarehe nazo. Mpaka 1752 mwaka mpya wa Waingereza ulianza 25 Machi, sio Januari. Kwa hiyo ukisoma ndoa Juni 1720 na ubatizo wa mtoto Februari 1720, usiseme alizaliwa kabla ya ndoa, hiyo Februari kwa hesabu yetu ni ya 1721. Andika 1720/21 kwenye karatasi yako usimsingizie bibi wa watu.

Mwandiko unatisha mwanzoni. Usianze na wa 1600, anza na wa 1830 unaosomeka, rudi nyuma taratibu jicho likizoea mkono wa kila kasisi. Neno likikushinda tafuta herufi hiyo hiyo kwenye neno unalolijua ukurasa huo huo, mara nyingi kwenye majina ya miezi.

Nilikosea wapi, nikwambie usirudie. Nilikuwa natafuta William, nikamkuta kabatizwa Happisburgh mwaka unaolingana, baba jina sawa, mama jina sawa, nikafurahi nikaendelea. Miezi sita nimejenga juu yake. Siku moja nasoma mazishi, sina ninachokitafuta, nakutana naye: kazikwa ana wiki tano. Wazazi walikuja kupata mvulana mwingine miaka miwili baadaye wakampa jina lile lile, hiyo ilikuwa kawaida yao, jina la marehemu anapewa anayefuata. Na yule wa pili aliyeokoka hakuwa wetu, ukifuata sensa yeye alibaki na mke mwingine kabisa. Wetu alibatizwa parokia ya jirani, East Ruston. Tangu hapo kila mtoto ninayemkuta kwenye ubatizo namtafuta kwanza kwenye mazishi ya miaka mitano inayofuata, na kila parokia naisoma pamoja na majirani zake, hapa ni Walcott, East Ruston, Lessingham na zinazofuata. Watu walitembea kwenda kuoa. Chora mduara wa kilomita kumi kuzunguka kanisa ndo eneo lako, na upande mmoja ni maji.

Karatasi zenyewe za Norfolk ziko Norfolk Record Office, Norwich. Tarehe 1 Agosti 1994 maktaba kuu ya Norwich iliungua moto mkubwa, na kumbukumbu zote za kaunti zilikuwa kwenye ghala la chini ya jengo lile lile. Vitabu vya juu viliteketea vingi sana, za chini ziliokoka, maji ya zimamoto yalizigusa baadhi tu. Nikishika rejista pale naifikiria siku ile. Sehemu kubwa imepigwa picha, indeksi ya Norfolk ipo FamilySearch bure na picha zipo pia kwenye tovuti za kulipia, na Norfolk Family History Society nao wana nakala walizochapa. Ukienda mwenyewe angalia tovuti yao kabla, agiza mapema, beba kitambulisho chenye anwani, na ndani ni penseli tu, kalamu ya wino unaiacha nje pamoja na begi na chai.

Mara ya kwanza kufungua ukurasa wa ndoa wa babu na bibi wa 1840 na kitu, babu kasaini jina kwa herufi kubwa zinazoyumba, mke kaweka msalaba. Msalaba wenyewe haukunyooka, mstari mmoja umebonyea wino ukatapakaa, kasisi kaandika pembeni hii ni alama ya fulani. Huyo mwanamke hakuna picha yake, hakuna barua yake, dunia nzima alichoacha kwa mkono wake ni hicho kialama. Nilikaa nacho muda mrefu.

Hatua ya tano: karatasi za maskini

Hapa watu wengi hawafiki na ndo palipo na hadithi. Tangu sheria ya 1662 kila mtu alikuwa na parokia yake ya kisheria, ukiwa maskini ukaomba msaada kwingine wanakuhoji umezaliwa wapi, umefanya kazi kwa nani mwaka mzima, baba yako alipanga nyumba wapi, halafu wanakubeba kukurudisha kwenu. Yale mahojiano yaliandikwa. Kwa mtu ambaye hajui kusoma, hayo ni maisha yake kwa mdomo wake mwenyewe, ukurasa mzima, tajiri wa kijiji anaweza asiwe nayo. Kuna pia hati za kumrudisha mtu kwao, hesabu za wasimamizi wa maskini (viatu vya mjane, jeneza, bia ya siku ya mazishi), na hati za kumbana baba wa mtoto wa nje ya ndoa alipe matunzo. Kama kwenye ubatizo umekuta "base born" na baba hayupo, jina lake linaweza kuwa kwenye hati hizo.

Kwa Happisburgh na jirani zake nyumba ya maskini ilikuwa Smallburgh, imejengwa 1785, parokia ziliungana mapema kabla ya sheria mpya ya 1834 kulazimisha nchi nzima. Ukiona mzee wako kafia Smallburgh usifurahie kwamba alihamia kijiji kizuri.

Wosia tafuta hata kwa watu wadogo. Kabla ya 12 Januari 1858 zilikuwa mahakama za kanisa, za hapa ziko Norwich, baada ya hapo ni ofisi moja ya taifa na indeksi yake iko mtandaoni.

Hatua ya sita: soma bahari

Kijiji cha pwani bila bahari hujakisoma. Rejista ya mazishi ina watu ambao hawakuwahi kuishi hapo. Tarehe 16 Machi 1801 manowari Invincible ilitoka Yarmouth kwenda kuungana na meli zilizokuwa zinaelekea Copenhagen, ikapanda fungu la mchanga huko nje, ikazama, wakafa watu kama 400. Maiti zililetwa na maji zikabebwa kwa mikokoteni, na 119 walizikwa kaburi moja upande wa kaskazini wa kanisa la St Mary's. Kaburi lilipotea kumbukumbu mpaka 1988 walipochimba mfereji wa maji wakakuta mifupa, jiwe la ukumbusho likawekwa 1998. Yani familia za mabaharia wale huko walikotoka hazikujua wamelala wapi miaka karibu 190. Kwa hiyo kama una babu baharia aliyepotea pwani ya mashariki, soma mazishi ya parokia za kando ya bahari hata kama hana asili huko, na soma maneno ya pembeni, "drowned" (kazama), "cast ashore" (katupwa ufukweni), "unknown" (hajulikani).

Mnara wa taa wa Happisburgh nao umetokana na vifo, ulijengwa 1790 baada ya dhoruba ya 1789 kuua mabaharia wengi pwani hii. Ilikuwa miwili, wa chini ukabomolewa baada ya kuzimwa 1883 kwa sababu genge lilikuwa linaukaribia. Uliobaki una mistari mitatu myekundu, na tangu 1990 unaendeshwa na wenyewe wanakijiji kwa sheria maalum ya bunge. Kwa babu aliyefanya kazi melini, orodha za mabaharia wa biashara za mwaka 1915 ziko mtandaoni bure, na usajili wa mabaharia wa 1835 mpaka 1857 uko National Archives, Kew. Askari wa vita ya kwanza wengi faili zao ziliungua kwa mabomu ya 1940, ukimkosa usikate tamaa, jaribu medali na makaburi ya vita.

Na ramani. Sheria ya 1836 ya kugeuza zaka kuwa malipo ya fedha ilifanya wapime parokia nyingi shamba kwa shamba, kila kipande kina namba, mwenye nacho, anayekaa, na jina la shamba. Tafuta namba ya nyumba ya babu. Kwa Norfolk kuna tovuti ya kaunti inayokuwekea ramani hizo na picha za ndege za 1946 juu ya ramani ya leo, unavuta kidole unaona nyumba ikija na kupotea. Kwa Uingereza yote, maktaba ya taifa ya Scotland imeweka ramani za zamani bure.

Hapa ndo utaelewa kwa nini naharakisha watu. Pwani hii ni udongo laini na mchanga, bahari inaila. Eccles, kijiji jirani, bahari imekimaliza, mnara wa kanisa ulibaki umesimama peke yake ufukweni mpaka dhoruba ya Januari 1895 ikauangusha. Happisburgh waliwekewa kingo za mbao baada ya mafuriko ya 1953, zikachakaa zikavunjika, na tangu miaka ya 90 nyumba za Beach Road zimekwenda moja baada ya nyingine, nyingine zikabomolewa 2012 kabla hazijaanguka zenyewe. Mwezi Mei 2013 bahari hiyo hiyo ilifunua ufukweni nyayo za watu wakubwa na watoto, za zaidi ya miaka 800,000, kongwe kuliko zote zilizojulikana nje ya Afrika, sisi wa nchi ya Laetoli, penye nyayo za kale, tunajua hicho ni kitu gani. Zilikaa kama wiki mbili zikafutika. Zimebaki picha na vipimo tu kwa sababu kuna watu walikwenda siku zile zile.

Hatua ya saba: nenda

Nenda ukiwa umeshasoma, sio kabla, la sivyo unaona majani na mawe. Makaburini anza na upande wa ukoo wa mama, piga kila jiwe picha, hata la mtu usiyemjua mwenye jina la kijijini. Usisugue jiwe kwa brashi ya chuma wala jiki, utalimaliza, nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, mwanga wa pembeni unainua herufi, au tumia kioo kumulika. Vibarua wengi hawakuwa na jiwe kabisa, hapo unasimama tu unajua wako humu. Ndani ya kanisa soma majina ya vita ukutani, salimia wanaopanga maua, waambie unamtafuta nani. Mama mmoja mzee aliacha maua yake akanipeleka mpaka kwenye ukuta wa nyumba aliyokuwa anakaa binamu yake bibi yetu, nyaraka zote nilizosoma hazikuwa na hilo.

Kwenye genge usisimame ukingoni wala usikae chini yake, linaanguka bila kukwambia.

Ukirudi, peleka nakala ya ulichokipata kwa chama cha historia ya familia cha kaunti na uwape ndugu wa mume wote, usikae nayo kwenye simu. Beach Road sasa lami inakatika hewani. Nina picha ya hapo ya 2021 yenye ua wa waya na nguzo ya mbao upande wa kulia, mwaka jana nilirudi na watoto tukasimama nyuma ya kizuizi, nguzo haipo, na pale ilipokuwa ni upepo. Binti yangu kaandika tarehe nyuma ya picha mpya kwa penseli, na jina la barabara, na nani alikuwepo.